Nyuzi za Gitaa Kwenye Hewa ya Chumvi: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Gitaa likianza kusumbua hapa Lamu, cha kwanza kulaumiwa ni nyuzi, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, katika miaka niliyokaa kwenye benchi langu la kazi Langoni, nimeletewa magitaa ambayo nyuzi zake nzima zilikwisha kutupwa mara tatu kwa kosa la kipande cha mfupa, na mengine ambayo nyuzi zake zilikuwa zimeoza lakini mwenyewe alitaka shingo ndiyo inyooshwe. Kwa hiyo huutazama uzi kabla ya kusikiliza malalamiko: umebadilika rangi wapi, umekatikia wapi, umezungushwa mara ngapi. Anayezisoma alama hizo ataepuka gharama ya kuagiza seti Mombasa na kuisubiri ifike Mokowe kwa basi, kisha ivuke kwa boti, halafu tatizo likabaki pale pale.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Uzi mwembamba kabisa ni wa kwanza na mnene kabisa ni wa sita, na kutoka mnene kwenda mwembamba sauti zake ni E, A, D, G, B na E. Kipande chenye mifereji kinachokaa baina ya kichwa na shingo nitakiita mfupa wa juu, na kile kilichosimama juu ya daraja, yaani kipande cha mbao kilichogandishwa kwenye tumbo (ubao wa mbele wa gitaa) ili kushika nyuzi, nitakiita mfupa wa chini, ingawa siku hizi vingi ni vya plastiki. Vyuma vyembamba vilivyolala shingoni ni freti, na huhesabiwa kuanzia kichwani.

Daraja linang'oka, au tumbo limevimba nyuma ya daraja

Naanza na hili kwa sababu hasara yake ndiyo kubwa kuliko zote. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Malindi kulitazama gitaa la kwaya. Kijana aliyelitunza alikuwa amelivisha nyuzi mpya za chuma siku ya Ijumaa, akalituni vizuri, akaliegemeza ukutani. Usiku wa manane watu wa nyumba ile wakasikia mlio kama wa nazi inayopasuliwa. Nilipofika nililikuta daraja limening'inia kwenye nyuzi zake, na chini yake limechukua ganda la ubao wa tumbo lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Hakuna aliyefanya uzembe. Gitaa lilikuwa la nailoni, na hakuna aliyekuwa amemwambia yule kijana kwamba magitaa ya aina hiyo hayavumilii chuma.

Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma, ile ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa 0.012 ya inchi, huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 74 zote sita zikiwa zimetuniwa. Seti ya kawaida ya nailoni huvuta takriban kilo 39. Ubao wa gitaa la nailoni umechongwa mwembamba na kutiwa mihimili myepesi ndani ili utikisike kwa mvuto huo mdogo, na kwa kawaida shingo yake haina ufito wa chuma wa kuiimarisha ndani. Kuzitambua aina hizi mbili si kazi ngumu: gitaa la nailoni lina shingo pana ya kama milimita 52 kwenye mfupa wa juu, kichwa chake kina matundu mawili marefu yenye magurudumu ya kuzungushia nyuzi, na darajani nyuzi hufungwa kwa fundo. Gitaa la chuma lina shingo ya milimita 43 au 44, na mara nyingi nyuzi zake hushikwa darajani kwa vijiti sita vidogo.

Ikiwa daraja limeanza tu kunyanyuka, utalijua kwa kupitisha ukingo wa karatasi nyuma yake. Karatasi ikiingia, legeza nyuzi zote siku hiyo hiyo na umpelekee fundi alibandue na kuligandisha upya kwa gundi ya mbao na vibano. Usimimine gundi ya kukauka papo hapo kwenye ufa, kwa sababu haitashika, na itamlazimu fundi aikwangue kwanza ndipo aanze kazi yenyewe. Gitaa lisilazwe chini ya bati wala ndani ya gari lililofungwa mchana wa Februari, kwani joto hulainisha gundi na daraja la gitaa zuri kabisa likasogea lenyewe.

Sauti imefifia na nyuzi zimebadilika rangi

Hii ndiyo dalili ya kila siku kwenye mwambao. Uzi mpya hutoa sauti inayong'aa kwa sababu uzito wake ni sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Jasho, mafuta ya vidole na chumvi vikishaingia katikati ya mizunguko ya waya, uzito huo unapotea usawa wake, na sauti za juu zinazoupa uzi uhai hufa kwanza. Nyuzi mbili nyembamba, ambazo ni chuma kitupu, huota madoa ya kutu yanayokwaruza kidole. Zile nne nene, zilizozungushiwa waya wenye shaba nyingi, huwa nyeusi na mara nyingine kijani, hasa juu ya freti za mwanzo ambako mkono hukaa sana.

Kipimo changu ni kuugusa uzi kidogo juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, kuupiga, kisha kuubana kwenye freti hiyo hiyo na kuupiga tena. Kwa kuwa freti ya 12 huugawa uzi nusu kwa nusu, sauti hizo mbili zinapaswa kulingana. Zikitofautiana kwenye nyuzi chakavu, badilisha nyuzi kabla ya kumwita fundi, kwa sababu uzi uliolemewa upande mmoja hauwezi kutunika sawasawa hata ukipigwa na bingwa. Zikiendelea kutofautiana kwenye nyuzi mpya, basi kasoro iko kwenye mfupa wa chini au nyuzi zimekaa juu mno.

Kuna mazoea ya kupaka nyuzi mafuta ya nazi ili zisishike kutu, nami naona ni mazoea mabaya. Mafuta yale huganda baina ya mizunguko, yakakusanya vumbi, na katika siku chache sauti inakuwa kama ya uzi wa mwaka jana. Kinachosaidia ni kunawa mikono kabla ya kupiga na kupangusa kila uzi, juu na chini, kwa kipande cha kanga kuukuu mara tu unapomaliza. Gitaa lilazwe ndani ya sanduku lake pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mbali na dirisha linalotazama bahari. Hewa inayofaa gitaa ina unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na yetu kwa kawaida hupita 70; kwa hiyo sanduku lililofungwa vizuri huku kwetu lina faida kuliko nakshi yoyote utakayolipia dukani.

Kuhusu aina ya kununua, seti utakazokutana nazo zaidi ni mbili. Ya kwanza imezungushiwa waya wa shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20, nayo hung'aa sana siku za mwanzo na kufifia upesi. Ya pili ina waya wa shaba na bati wenye fosforasi kidogo, aina ambayo kampuni ya D'Addario iliileta kwenye magitaa mwaka 1974. Rangi yake ni nyekundu zaidi, sauti yake ni ya joto, na hustahimili kutu vizuri zaidi. Kwa Lamu na Malindi mimi hushauri hii ya pili. Zipo pia nyuzi zilizovikwa utando mwembamba wa plastiki, ambazo kampuni ya Elixir ilianza kuziuza mwaka 1997. Bei yake huwa kama mara mbili, na wapo wapigaji wasiopenda utelezi wake, lakini kwa mtu anayepiga kila jioni kwenye baraza inayotazama maji nadhani fedha hiyo hurudi.

Ikiwa nyuzi ni mpya na bado sauti ni nyembamba, tazama rangi yake. Nyuzi nene zikiwa nyeupe kama fedha kwenye gitaa la mbao lisilo la umeme, huenda umeuziwa seti ya gitaa la umeme, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya sumaku na hailitikisi tumbo la mbao inavyotakiwa.

Uzi unakatika

Swali la kwanza hapa ni wapi. Usitupe kipande kilichokatika kabla ya kukipima dhidi ya gitaa, maana kila mahali pana mkosaji wake.

Kijana mmoja anayepiga kwenye hoteli za Shela alinijia akiwa amekata uzi wa kwanza mara tatu katika majuma mawili. Akasema, "Fundi, wananiuzia nyuzi mbovu." Nikamwomba anipe vipande, na kwa bahati alikuwa navyo mfukoni. Vyote vitatu vilikuwa vimekatikia mahali pamoja, kwenye mfupa wa chini. Nikachukua pamba, nikaisokota iwe kama utambi, nikaipitisha taratibu kwenye kilele cha mfupa ule: ilipofika pale unapokaa uzi wa kwanza, nyuzinyuzi mbili za pamba zikanasa. Palikuwa na ncha ndogo ambayo jicho halikuiona. Nililegeza nyuzi, nikasugua mahali pale kwa msasa laini namba 600 kufuata njia ya uzi, nikapitisha pamba tena hadi ikateleza bila kunasa. Kazi yenyewe haikufika robo saa, na yeye alikuwa amekwisha kununua seti tatu.

Uzi ukikatikia kichwani, kwenye nguzo ya kukazia, ncha kali iko kwenye tundu la nguzo hiyo, nayo hutibiwa kwa namna ile ile. Ukikatikia kwenye mfupa wa juu, mfereji ni mwembamba kuliko uzi na unaubana kila unapokaza. Ukikatikia katikati, juu ya freti, tazama freti kwa jicho la karibu: iliyolika huacha bonde lenye kingo, na bonde hilo huutafuna uzi. Ukikatikia chini kabisa, karibu na kijipete chake cha shaba, huenda uliuingiza vibaya chini ya kijiti, jambo nitakalolieleza hapo mbele.

Uzi unaokatika mikononi mwako wakati wa kukaza ni habari nyingine. Kifaa cha kutuni, au programu ya simu, mara nyingi huonyesha herufi tu bila kusema ni E ya chini au ya juu, na anayeanza akishaipita sauti sahihi huendelea kukaza akitafuta herufi hiyo hiyo upande wa pili. E ya uzi wa kwanza ni mitikisiko 329.6 kwa sekunde. Hakuna uzi wa 0.012 utakaovumilia mara mbili ya hiyo. Ukianza kuogopa huku mkono ukikaza, simama. Piga uzi wa pili kwenye freti ya 5, kwa sharti kwamba umekwisha kutuniwa. Sauti hiyo ndiyo ya uzi wa kwanza ukiwa wazi.

Gitaa halishiki sauti

Nyuzi za nailoni hutanuka kwa siku kadhaa baada ya kuvishwa, na hapo hakuna cha kufanya ila kuzituni tena na tena kwa subira. Nyuzi za chuma hutulia ndani ya siku moja. Zikiendelea kushuka baada ya hapo, kosa liko kwenye uvishaji mara tisa katika kumi, na kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu.

Kijipete cha mwisho wa uzi kinapaswa kukaa pembeni ya mguu wa kijiti, kimeegemea ubao ulio chini ya daraja. Wengi hukikalisha chini ya ncha ya kijiti. Uzi ukikazwa, kijiti hupanda kidogo kidogo na sauti hushuka pamoja nacho, na siku moja kijiti huruka na kumpiga mtu usoni. Pinda uzi kidogo karibu na kijipete kabla ya kuuingiza, elekeza mfereji wa kijiti upande wa uzi, kisha vuta uzi juu kwa mkono mmoja huku ukikisukuma kijiti kwa kidole gumba cha mkono mwingine, mpaka usikie umegota. Kijiti kilichogoma kutoka usikivute kwa koleo; ingiza mkono kwenye tundu la sauti na ukisukume kutoka chini kwa sarafu.

Kichwani, acha uzi uwe na ziada ya sentimita 5 hivi kupita nguzo yake. Ziada hiyo hutoa mizunguko miwili au mitatu kwenye nyuzi nene, na moja au miwili zaidi kwenye nyembamba. Kila mzunguko ulale chini ya uliotangulia, bila kupandana, na kwenye gitaa la chuma uzi upite upande wa ndani wa nguzo. Mizunguko minane niliyowahi kuikuta kwenye nguzo moja ilikuwa ni stoo ya uzi uliolegea, na stoo hiyo hutoa kidogo kidogo kila unapopiga kwa nguvu. Usiukate uzi mnene kabla haujakazwa na kupindwa nguzoni, kwa sababu waya wa juu unaweza kulegea kwenye kiini chake na sauti ikafa kabla haijazaliwa.

Ukikaza ukasikia "tik" na sauti ikaruka badala ya kupanda polepole, uzi unanasa kwenye mfupa wa juu. Chora ndani ya mfereji kwa penseli laini. Unga wa penseli hulainisha njia. Nimeona watu wakibadilisha mashine zote sita za kukazia kwa kasoro ambayo penseli ya mtoto wa shule ingeiponya.

Uzi unakwaruza au unalia kama nzi

Ukwaruzaji ulioanza siku ulipobadilisha nyuzi karibu kila mara hutokana na unene. Ukitoka seti ya 12 (yaani ile ya uzi wa kwanza wa 0.012) ukaweka ya 10, mvuto unashuka kutoka kilo 74 hadi kama 60, shingo iliyozoea kuvutwa inanyooka, na nyuzi zinazikaribia freti za mwanzo. Bana uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya 6 au ya 7: zikipita karatasi mbili za daftari bila kubanwa, shingo iko sawa. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, ufito wa chuma ulio ndani ya shingo ulegezwe robo mzunguko kwa ufunguo wa pembe sita, wa aina wanayotumia mafundi wa baiskeli, kisha usubiri hadi kesho kabla ya kuongeza robo nyingine. Ukigoma, mwachie fundi, kwa kuwa ufito uliovunjika ndani ya shingo una gharama kuliko gitaa nyingi ninazoziona.

Ukwaruzaji wa uzi ulio wazi peke yake unatoka kwenye mfereji wa juu uliochimbika. Kipande cha karatasi chini ya uzi kitakuvusha harusi ya leo usiku. Ule wa mahali pamoja tu ni wa freti jirani iliyosimama juu ya wenzake. Na kabla ya yote hayo, shika kwa vidole zile ncha ndefu za nyuzi zilizoachwa kichwani bila kukatwa. Mara nyingi mlio unakoma papo hapo.

Nyuzi zimekaa juu na vidole vinauma

Kwenye freti ya 12, nafasi ya milimita 2.5 chini ya uzi wa sita na karibu 2 chini ya uzi wa kwanza inawafaa watu wengi. Mvua za kusi zikianza, kuanzia Aprili, mbao hunywa unyevu, tumbo linainuka kidogo na nafasi hiyo huongezeka. Kaskazi ikirudi hupungua. Mwenye gitaa hilo hilo hunijia mara mbili kwa mwaka na malalamiko yanayopingana, nami humwambia asikimbilie kusaga mfupa wa chini katikati ya masika, kwa sababu Januari ataujutia.

Tiba ya kwanza ni kushuka unene, kutoka 13 hadi 12 au kutoka 12 hadi 11. Ya pili ni kutuni nyuzi zote nusu hatua chini, yaani kwa kiasi cha freti moja, ambako hupunguza mvuto kwa takriban asilimia 11, na pia huwafaa waimbaji wetu wengi ambao E huwapandisha wakaumia koo. Mwenye gitaa la nailoni ambaye uzi wake umekatika na hana wa akiba anaweza kufanya nilichokifanya zaidi ya mara moja: kununua mshipi wa kuvulia wa nailoni kwa wauza zana za uvuvi, wa milimita 0.70 kwa uzi wa kwanza, 0.80 kwa wa pili na 1.00 kwa wa tatu. Sauti yake ni nzuri kuliko inavyostahili. Nyuzi tatu nene za gitaa hilo hazina badala baharini, maana zimezungushiwa waya.

Vipande ulivyokata visibaki sakafuni wala visitupwe uchochoroni. Ni vikali kama sindano, na kwenye vichochoro vya Lamu watoto hupita peku na punda hupita usiku kucha. Mimi ninalo kopo la maziwa ya unga chini ya benchi, limejaa nusu.